Mama Amenunua Pikipiki, Baba

Baba mpendwa,

Mama amenunua pikipiki. Nimeandika maneno hayo, nimeyasoma tena, na bado hayajaniingia akilini. Ni huyu huyu Mama wetu wa ushirika wa kanisa, mwenye wajukuu, mwenye goti linalomsumbua kila msimu wa mvua. Aliuza ng'ombe mmoja, akaenda Kitale bila kumwambia mtu, akarudi na pikipiki nyekundu iliyotumika.

Aliyenipigia simu ni Baba Mdogo Simiyu. Nilikuwa kazini hapa Bungoma, kwenye duka la dawa, nikimhesabia mteja vidonge. Alisema tu, "Nanjala, njoo umwone mama yako," akakata. Unamjua ndugu yako, kwenye simu huongea kana kwamba maneno yanamuuma meno. Lakini mara ya mwisho aliponipigia kwa sauti ile, ilikuwa ni kuhusu wewe. Nilimwachia mwenzangu vidonge vikiwa kwenye trei, nikatoka nikiwa bado nimevaa koti jeupe la kazi. Nilijaribu simu ya Mama, haipatikani. Tangu Webuye hadi nyumbani Tongaren nilikuwa naomba Mungu nimkute akiwa hai, hata kama ni mgonjwa, awe hai tu.

Nilimkuta amelala chini kwa ubavu, juu ya gunia, kando ya mti wa parachichi, amevaa lile koti lako la kijani la kazini. Mikono yote ilikuwa imeingia chini ya mashine. Aliposikia lango alinyoosha kiganja bila kugeuka.

"Nanjala, umefika? Nipe hiyo spana ndogo."

Nilimpa. Sijui kwa nini nilimpa, Baba. Nadhani mtu akishtuka sana hufanya tu lile analoambiwa. Nilikuwa nimekuja kulia, na sasa nilikuwa nimechuchumaa na koti jeupe, nampokeza mama yangu spana.

Alinieleza mambo ya ile pikipiki kwa utulivu, kama anayenieleza habari za ng'ombe mgeni. Aliyemuuzia ni mwalimu mmoja aliyekuwa anahamishwa kikazi. Injini ni nzima, alisema, ila ina vitabia. Ukikata kona kushoto, honi inajipigia. Ukisimama kidogo, inazima. Taa ya kijani inakuambia haiko kwenye gia kumbe iko, ukiachilia klachi inakuruka. Na cheni imelegea mpaka inapiga kelele. Fundi wa sokoni alikuwa amemwambia waya zote zing'olewe ziwekwe mpya. Mama alimshukuru, akaisukuma akarudi nayo nyumbani.

Mbele ya macho yangu alifungua tangi, akalisogeza, akafuata waya kwa kidole hadi pale shingoni ambapo usukani unageukia. Palikuwa na waya mmoja uliochubuka, unagusa chuma. Akauzungushia tepu nyeusi, akaubana mahali ambapo hautasuguliwa tena. Akageuza usukani kushoto. Kimya. Akatabasamu peke yake, si kwangu.

Ndipo nikamuuliza nani amemfundisha mambo haya.

Hakuinua macho. "Baba yako," akasema.

Baba, nilikaa chini. Nilikaa kwenye majani, koti jeupe na yote.

Unakumbuka ile pikipiki ya ofisi, ya wakati ulikuwa bwana shamba? Mimi naikumbuka kuliko vitu vingi vya utoto wangu. Jioni nilikuwa nakungoja langoni, nasikia mlio wako tangu kule kwenye kisima cha jirani. Ulikuwa unanipa kitambaa nipanguse vumbi kwenye tangi, na hapo ndipo mwisho wangu. Kuikalia, hata ikiwa imesimama, hapana. "Hii ni mali ya serikali," ulikuwa unasema, na uso wako ukiwa mgumu kama wa askari wa jela. Siku moja mvua ilininyeshea nikienda shule, nikakuona ukinipita na mashine ile, ukapunguza mwendo, ukaniambia nipite kando kando nisichafue soksi, ukaenda zako. Sikukasirika. Nilijivunia. Niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu hawezi kuiba hata kiti cha serikali.

Kumbe Jumamosi, sisi tukiwa mazoezi ya kwaya, ulikuwa unampeleka Mama kwenye uwanja wa shule na kumkalisha mbele! Mama alinieleza mkono wake ukiendelea kukaza skrubu ya kabureta. Kwamba ulikuwa unakimbia kando yake ukipiga kelele ati klachi, klachi. Kwamba alikuangusha kwenye mtaro na ukakataa kukubali kuwa umeumia. Kwamba baadaye ulimfundisha kusafisha plagi na kusikiliza injini, kwa sababu ulimwambia asiyejua kutengeneza asiendeshe.

Nisikufiche, nilikuonea wivu, na nilimwonea yeye. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na nilikuwa nimeshajipangia moyoni kwamba nimekumaliza kukujua, kwamba kilichobaki ni kukukumbuka tu. Na huyu mama yuko hapa na wewe mwingine ambaye sijawahi kukutana naye, anayekimbia uwanjani na suruali iliyojaa matope.

Baba Mdogo alifika tukiwa hapo. Alikuja na ile fimbo yake ya kwenda mkutanoni, nikajua amejiandaa. Alimwambia Mama kwamba pikipiki lazima iuzwe wiki hii, kwamba watu wanaongea, na kwamba mjane anayepanda pikipiki anaonekana kama amekosa mtu wa kumwangalia. Kisha akanigeukia ili nimuunge mkono, na Baba, nilikuwa tayari kumuunga. Hizi barabara zetu nazijua. Vidonda vya pikipiki nawauzia watu dawa zake kila siku.

Mama alimjibu polepole kuhusu Mama Mkubwa Naliaka. Huenda habari hii hukuipata. Dada yake alipooza upande mmoja, yuko kwake Ndalu, na watoto wake wote wako mbali. Mama ndiye anayemwogesha na kumlisha. Mvua ikinyesha boda hazitaki kuingia ile njia, au zinakuja saa zinazotaka. Siku nyingine Mama alifika jua likiwa kichwani akamkuta dada yake amelala kwenye mkojo tangu alfajiri, anaona haya kumtazama. Mama alisema hapo ndipo alipoamua. Alijiandikisha shule ya udereva Kitale. Zile siku zote alizotuambia ana semina ya akina mama, Baba, alikuwa anazungushwa na mwalimu wa udereva. Leseni anayo.

Baba Mdogo alisikiliza yote hayo. Aliposema tena, sauti ilikuwa imebadilika.

"Shemeji, nilimzika ndugu yangu. Sitaki kukuzika wewe."

Sikuwa nimejua kwamba hicho ndicho kilichokuwa chini ya maneno yake yote. Nadhani hata yeye hakujua. Mama alimtazama, kisha akasema kwa upole, "Simiyu, shika hapo nyuma nikaze cheni."

Na akashika. Aliweka fimbo chini, akainama na ule mgongo wake, akashikilia gurudumu la nyuma huku Mama akilivuta nyuma kidogo kidogo, akipima ulegevu wa cheni kwa kidole. Walipomaliza, Mama alipiga kiki. Ikakohoa ikanyamaza. Akavuta choki, akapiga tena, ikawaka. Alisubiri ipate moto, akarudisha choki, akageuza ile skrubu ya kabureta kidogo sana, sikio likiwa limeinama, mpaka mlio ukatulia. Kuhusu taa ya kijani inayodanganya alisema atanunua kifaa chake Kitale, kwa sasa anatumia mguu wake kujua.

Kisha alinirushia helmeti ya pili. Alikuwa amenunua mbili.

Sijui nikuelezeje safari ile. Nilimshika kiuno mama yangu kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, na kilikuwa kigumu, kimekaza, kiuno cha mtu anayejua anachofanya. Tulipopita kwenye maduka watu walisimama. Mwanamume mmoja alisahau kikombe chake cha chai hewani. Mama hakutazama kulia wala kushoto. Alipita mashimo kwa kusimama kidogo juu ya vikanyagio, jinsi ulivyokuwa unafanya wewe, hasa hasa, na mgongo wako ule wa kuinama mbele. Nililia nyuma yake ndani ya helmeti, na nashukuru hakuna aliyeniona.

Ndalu tulimkuta Mama Mkubwa amelazwa karibu na dirisha. Alipomwona Mama akiingia na helmeti mkononi, alisema kwa ule mdomo wake uliopinda, "Reo umechelewa."

Basi. Ati umechelewa. Hakushangaa hata kidogo. Nilimuuliza kama yeye haoni ajabu dada yake kuendesha pikipiki katika umri huu. Alinitazama kwa jicho lake zima kama mtu anayemwonea huruma mjinga.

"Nishangae nini? Si ni yeye alimpereka baba yako Kitale."

Mama alikuwa anachovya kitambaa kwenye maji ya moto. Alimwambia dada yake kwamba amesema mengi. Lakini Mama Mkubwa alikuwa ameshaanza, na maneno yake sasa hutoka moja moja, huwezi kumharakisha wala kumzuia. Nilipiga magoti karibu na kitanda nikayapokea.

Alikuwa amekuja kwetu kusaidia kupalilia mwaka ule uliougua malaria ikakupanda kichwani. Mimi nilikuwa shuleni. Mvua ilikuwa imekata barabara, hakuna gari lililopita tangu asubuhi, na simu za mkononi hazikuwa zimefika kwetu. Ulikuwa umeanza kuwaita watu waliokufa. Mama alingoja gari mpaka akachoka kungoja. Akaitoa ile pikipiki ya serikali. Mama Mkubwa alikusaidia kupanda nyuma, akakufunga kwa Mama kwa leso mbili, kiunoni na kifuani, kama mtoto mkubwa mno. Na Mama, ambaye hakuwahi kutoka nje ya uwanja wa shule, alikuendesha hivyo kwenye matope hadi hospitali Kitale. Mlikubaliana watatu msiseme, kwa sababu ungepoteza kazi.

Baba, mimi naikumbuka siku hiyo. Nilirudi nikakuta jiko limezima. Tuliambiwa mmeenda hospitali na lori la maziwa. Na uliporudi, umekonda, wewe mwenyewe ulitusimulia habari za lori lile. Ulituambia jinsi makopo ya maziwa yalivyokuwa yakigongana njia nzima mpaka kichwa kikakuuma zaidi. Tulicheka. Nimewasimulia watoto wangu makopo hayo. Ulistaafu, pikipiki ikarudi ofisini, hakuna ambaye angekufukuza tena, na bado mkanyamaza wote watatu. Nadhani mlikuwa mmeizoea siri yenu, mkaipenda.

Nilimtazama Mama. Alikuwa anampangusa dada yake vidole, kimoja baada ya kingine, kana kwamba wanaozungumziwa ni watu wa kijiji kingine. Niliinuka nikamwaga maji machafu nje, nikarudi na mengine safi.

Tuliporudi jua lilikuwa bado liko juu. Kabla ya kufika nyumbani, pale barabara inaposhuka kuelekea kijito, Mama alisimamisha pikipiki kando. Haikuzima. Nilidhani kuna kitabia kingine kimejitokeza. Alifungua kioo cha helmeti, akaonyesha kwa kidevu mahali penye mwanzi.

"Hapo ndipo nilisimama siku ile," alisema. "Nilikuwa simsikii tena mgongoni. Nikaogopa nimembeba maiti."

Nilimuuliza alifanya nini.

"Niligeuza kichwa niangalie kama bado anapumua."

"Na alikuwa anapumua?"

"Alikuwa ananiambia nibadilishe gia."

Alicheka, Baba, alicheka mpaka pikipiki ikatikisika chini yetu, kisha kicheko kikageuka kikawa kile kilio ambacho hakukilia mazishini, na mimi nikamkumbatia kwa nyuma, injini ikiwa inanguruma, mpaka alipomaliza.

Nimesharudi Bungoma. Mshtuko haujaniisha. Bado nakusikia nikiwa nahesabu vidonge, ukiwa mgonjwa mahututi na bado unatoa maagizo. Nilikuwa nikikuombea upumzike nikidhani unatuhangaikia sisi watoto. Sasa najua ni nani unayemsikiliza huko barabarani. Lala, Baba. Anabadilisha gia vizuri.

Binti yako,
Nanjala