Siagi ya Bernadine

Harlan Mills, Michigan
Machi 3

Mwanangu Roxanne,

Hujambo? Wajukuu wangu wazima huko Tucson? Mimi mzima, goti tu ndilo linaloleta ukorofi.

Mwenzio tumeushtaki mji! Mkaguzi alikuja akatuhesabu kama kuku: mimi, Hattie, Irma na Bernadine. Sheria yao inasema wasio ndugu wasizidi watatu nyumba moja, kwa hiyo mmoja ahame. Nikamuuliza, "Na kama ningejaza binamu zangu kumi walevi?" Akasema, "Hao ruksa." Ebo! Wajane wanne wanaokula chungu kimoja ndio kosa? Wakili wetu anasema sheria hiyo inavunja katiba ya jimbo. Nina hamu hiyo, hata usingizi siupati!

Mama yako

Tucson
Machi 19

Mama,

Shikamoo. Sisi hatujambo, watoto wanakusalimu.

Mama, achana na kesi. Nimeona gazetini picha ya friji yenu aliyopiga mkaguzi. Siagi ina jina la mwenyewe! Jibini ina jina! Watasema ninyi ni wapangaji tu, na watasema kweli. Bernadine ndiye aliyekuja mwisho, aondoke yeye. Kwani ni nani wetu?

Mwanao

Harlan Mills
Juni 2

Roxanne,

Hujambo? Sijakuandikia kwa sababu uliniudhi. Leo siwezi kununa: TUMESHINDA!

Wakili wa mji aliinua ile picha: "Familia gani huandika majina kwenye siagi?" Hattie akaruka hata hajaitwa. "Wewe kijana! Hiyo ya Bernadine haina chumvi, ana ugonjwa wa moyo! Irma alimpakia mkate siagi yetu ya chumvi kwa kusahau, Bernadine akavimba miguu, tukakesha naye hospitali. Majina ni ili tusimuue!"

Jaji akauliza nani humkumbusha dawa. Mikono minne juu, na wa Bernadine mwenyewe!

Ameamua kwamba mji uhesabu magari na makelele ukitaka, lakini katiba hairuhusu kuwatenga watu kwa kukosa damu moja. Bernadine alilia mpaka miwani ikamdondoka. Alikuwa ameshafunga mizigo yake, Roxanne, bila kutuambia.

Mama yako

Tucson
Juni 11

Mama,

Shikamoo. Nimesoma habari ya mizigo nikaona aibu. Yale niliyoandika, nisameheni.

Tunakuja Jumamosi, mimi na watoto. Mwambie mama mdogo Bernadine afungue mizigo, na mkate nitampakia mimi. Siagi yake naijua.

Mwanenu,
Roxanne