Profesa Amempasua Fundi wa Maabara

Shoga, nina damu kwenye koti, na si yangu.

Nimewaonyesha wenzangu wa maabara matokeo ya utafiti wangu mkutanoni. Ile protini ambayo profesa wetu ameandika miaka kumi kwamba inakichochea kimeng'enya kinachowasaidia bakteria kusukuma sumu yao nje? Haikichochei. Inakizuia!

Akanirushia chupa ya kioo. Mimi! Nikainama, ikampasua fundi wetu wa maabara kipaji cha uso.

Yule mzee mpole akajifuta damu, akasema, "Profesa, jaribio nimelirudia mwenyewe mara tatu. Inakizuia."

Profesa akamvamia! Akamkaba koo, shoga, mzee wa watu! Nikampiga profesa kwa kiti mgongoni mpaka akamwachia.

Walinzi wamemtoa. Fundi anashonwa sasa hivi, na bado ananiambia, "Mwanangu, usibadilishe hata tarakimu moja."