Dakika Hamsini na Tano Angani

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na wapwa zangu wote. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, ila nimekonda, na wenzangu kazini wananitania kwamba nimepata mchumba mchoyo wa chakula.

Najua umenuna. Umesikia kwamba tangu mwezi wa tatu ofisi inanituma kila Jumatano kwenye uwanja wa ndege wa huko kwenu, kufundisha makarani wapya wa tiketi, na sijakanyaga kwako hata siku moja. Si kiburi, Dada. Nikishuka ninakuwa hoi.

Nimekaa kaunta miaka tisa, safari hiyo naijua nje ndani. Kilomita mia nne na themanini, dakika hamsini na tano. Tunaruka saa mbili asubuhi, tunatua saa tatu kasoro tano. Mara ya kwanza nilipotua, saa yangu ya mkono ilionyesha saa moja jioni. Nikadhani imeharibika. Lakini tumbo liliniuma kwa njaa, na kidevu nilichonyoa alfajiri kilikuwa kimeota ndevu. Abiria wa pembeni yangu alikuwa hajamaliza hata juisi yake.

Tangu hapo ni hivyo hivyo kila safari: masaa kumi na moja. Unajua ni muda wa nini huo. Ni muda wa barabara, ile uliyompitisha Mama ukimkimbiza kutoka huku kwenda hospitali ya huko kwenu.

Safari ya tatu nilichungulia dirishani. Chini yetu lilikuwepo gari lenu jeupe. Ndege haikulipita. Tulikwenda nalo sambamba, kona kwa kona, wewe umeshika usukani, Mama kwenye godoro nyuma. Sijui jicho linaonaje kutoka juu vile, ila linaona. Nikamwonyesha mhudumu wa ndege. Akasema anaona mawingu tu, akaniletea maji.

Ulituambia Mama alikata roho mlangoni mwa hospitali. Dada, nimekuona ukisimama penye daraja, masaa sita tangu mwondoke. Ulifungua mlango wa nyuma, ukamfunika shuka mpaka usoni. Ukakaa chini, ukaegemea tairi. Kisha ukaendesha masaa matano mengine peke yako naye, na hukutuambia. Nakuona ukifanya hivyo kila Jumatano, nami nimefungwa mkanda.

Sasa nikwambie langu. Niliwaambia ndege ya siku ile ilijaa. Ni uongo. Mama alikuwa na kiti, karibu na dirisha, jina lake limeshaandikwa. Mkuu wangu aliniomba nafasi kwa ajili ya rafiki yake aliyekuwa anawahi harusi, nami nilikuwa nautaka ukufunzi. Nikalifuta jina la Mama kwa mkono wangu. Ukufunzi niliupata, na ndio unaonipandisha ndege kila wiki. Nimejuta, Dada, na kujuta hakunisaidii.

Jumatano ijayo nikitua nitakuja moja kwa moja kwako. Ukinifungia mlango sitabisha mara ya pili. Ila niandikie kwanza jambo moja. Kabla ya daraja, naona midomo ya Mama ikitembea, naona nawe unamjibu, na sisikii kitu. Alikuwa ananiulizia?

Wabusu watoto. Shemeji mwambie namkumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda