Ndoano Mbili za Jipu la Direkta

Kisangani, Jumapili asubuhi

Mdogo wangu Salima,

Kabla ya salamu, pokea habari: mume wako Ramazani ni mzima. Ana macho yake mawili, mikono yake miwili na ulimi wake wote, maana jana tulibishana juu ya mpira mpaka lituma, ndizi zetu za kupondwa, ikapoa sahanini. Nasikia wasafiri wa boti ya Ubundu wamekuletea huko Kindu maneno kwamba chuma kilimkata kichwa. Aliyekuletea maneno hayo hakuwapo. Mimi nilikuwapo.

Sasa tusalimiane kama watu. Hujambo? Watoto wamepona surua? Mama bado anakohoa alfajiri? Sisi huku tunaishi, mvua inatunyeshea kila siku, Mungu asifiwe. Barua hii naiweka mkononi mwa Mama Zaina, muuza vitenge, si posta, kwa hiyo naandika bila kujibana.

Unajua gari analoendesha Ramazani: jipu la kampuni yetu ya kahawa, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mwaka huu Direkta, mkubwa wa kampuni, alilitilia parebufle, yaani lango la chuma mbele ya pua ya gari, la kukinga taa na matawi, au mbuzi akiruka barabarani. Likapakwa rangi ya kijani, likapewa na mahali pa bendera. Lilipendeza, sikatai. Lakini mimi ndiye mkuu wa gereji. Nililala chini nikatazama: lango zima limeshikiliwa na bulo, yaani bolti, nne nyembamba kama kidole changu cha mwisho, nazo zimeshika bampa la bati, si shasi, ule uti wa mgongo wa gari. Nikamwambia Direkta kwamba kamba ya kuvutia gari isifungwe hapo kamwe. Akanijibu mbele ya watu kwamba nimesoma vitabu vingi mno, na kwamba chuma kikubwa vile kinaweza kuvuta boti. Ndio ugonjwa wa nchi hii, Salima. Kinachong'aa mbele ndicho tunachokiamini. Kinachobeba mzigo kiko chini, kimejaa tope, na hakuna anayejisumbua kuinama.

Basi tukavuka mto, tukaenda ziara upande wa Opala. Kijiji kimoja kiliamriwa kimpokee Direkta kwa animasyo, zile nyimbo na ngoma za chama, na kina mama walikuwa wamesimama mistari miwili tangu asubuhi. Jipu likazama topeni kabla ya kuwafikia. Kamyo, lile lori la kahawa, ikaitwa ivute. Ramazani alitaka kuingia chini afunge kable, kamba ya chuma, kwenye shasi. Direkta akamwambia asipoteze wakati, afunge kwenye lango. Na kwa kuwa mgeni hakuwafikia kina mama, mkuu wa animasyo akawaleta wao kwa mgeni. Akawapanga kando ya kable, huku na huku, ili waimbe gari likitoka.

Kamyo ilipovuta, bulo zilikatika zote kwa pamoja. Lango liliruka mwisho wa kable kama jiwe la kombeo, likapita katikati ya ile mistari miwili, likamvua mama mmoja kilemba, likajibamiza nyuma ya kamyo. Wimbo ulikatika palepale. Hakuna aliyekufa, na mpaka leo sielewi kwa nini. Kichwa cha bulo moja kilirudi kwenye jipu kikapasua kioo, na vipande vikamchana Ramazani paji la uso. Damu ilikuwa nyingi, kidonda kidogo, mishono mitano. Kumbe wasafiri wako wameona mishono wakasema shingo.

Lakini hofu yenyewe ilikuja baadaye. Jumatatu Direkta aliandika karatasi: shoferi ameharibu mali ya taifa kwa makusudi. Wewe wajua karatasi kama hiyo humpeleka mtu wapi. Niliingia ofisini bila kupiga hodi. Sitakuandikia yote niliyosema, mengine hata Mama Zaina hastahili kuyabeba. Mwishowe nikaweka bulo zilizokatika juu ya karatasi yake nikamwomba siku nne. Nitafunga ndoano za kuvutia kwenye shasi, ninavyojua mimi, kisha kamyo ileile ivute jipu lilelile katika tope lilelile. Zikishika, karatasi ichanwe. Zisiposhika, aandike jina langu chini ya jina la Ramazani. Akakubali, nadhani kwa hamu ya kuniona nimefungwa.

Papa Lisimo, fundi wetu wa kuchomelea, alitaka kuzichomelea ndoano kwenye lango lililonyooshwa. “Papa, sudire yangu mimi haiachiake,” alisema. Nilipokataa, akapendekeza zile pete ndogo ambazo gari lilifungiwa likiletwa kwa boti kutoka Kinshasa. Nikamweleza kwamba pete hizo ni za kulizuia gari lisiteleze, si za kuling'oa topeni. Tukatoa ndoano mbili nzito kwenye kamyo iliyokufa nyuma ya gereji. Tukatoboa shasi kushoto na kulia, tukaweka bamba nene ndani na nje, bulo za chuma kigumu zikapita hadi upande wa pili. Ndoano mbili, ili mvuto ugawanyike. Ramazani alikaza kila nati mwenyewe, bendeji kichwani.

Ijumaa tukavuka mto tena. Kijiji kilikuwa kimeamriwa kuimba tena, na mkuu wa animasyo akaanza kuwapanga kina mama kando ya kable kama mara ya kwanza. Nikamwambia awapeleke mbali, mara mbili ya urefu wa kable. Akakunja uso, akanijibu kichama, raia kwa raia.

“Situayen, wimbo ya Direkta haiimbwake mbali.”

“Bon,” nikasema. “Donc Direkta asimame nao hapa, pembeni ya kable. Atawasikia muzuri.”

Direkta akaitazama kable. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka akafika kwenye migomba. Na kwa kuwa hakuna anayethubutu kusimama mbele ya Direkta, kijiji kizima kikarudi nyuma pamoja naye. Nikatupa gunia la mchanga mbichi juu ya kable, ili ikikatika ianguke, isiruke.

Kamyo ikavuta. Kable ikakaza, ikalia. Tope likang'ang'ania, likaachia, jipu likatoka polepole kama jino bovu. Nililala chini kukagua ndoano. Hazikusogea hata unywele. Sikuinuka upesi, kwa sababu nilikuwa nalia.

Karatasi ilichanwa mbele ya macho yangu. Kisha Direkta akahutubia watu: yeye daima alijua lango si la kuvutia gari, na sasa ameamua magari yote ya kampuni yafungwe ndoano kwenye shasi. Unanijua, Salima. Nilifungua mdomo. Nikamwona Ramazani ameketi kwenye usukani, ananitazama. Nikaufunga. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Msalimie mama yetu, na shangazi aliyekulea, na tonton, mjomba wetu mshonaji wa sokoni, na jirani anayekuchotea maji. Ramazani amepewa likizo. Anakuja na boti ijayo. Usimguse paji la uso, bado linauma.

Ni mimi kaka yako, niliyenyamaza mara moja tu maishani, kwa ajili yako,

Assumani