Wachukuzi Walishajibu

Baba,

Hukumu yako imefutwa. Naisema haraka kabla sijaanza kulia. Mtunza ghala wa duka la ushirika amekamatwa na magunia mengine ya sukari, akakiri na yale uliyofungiwa wewe. Umesafishwa, Baba, wewe uliyefia jela.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikung'uta nguo barazani kila jioni ukitoka kuuza dukani humo, ili hata chembe ya sukari ya umma isiingie ndani? Mama akikutania, "Mwenye duka, mbona chai yetu chungu?" Nawe ukicheka tu.

Siku ulipoletwa nyumbani, shehe alisimama mbele ya jeneza akauliza, kama desturi, "Mnamshuhudia vipi marehemu?" Mimi na Mama, kama wanawake wote, tulikuwa ndani, masikio dirishani. Mtaa kimya. Makarani walishasema mahakama haikosei. Kina mama wa foleni ya dukani walishasema sukari haina miguu. Mangi wa duka la jumla na Kanti wa vitambaa walikupenda, lakini waliogopa na wao kuitwa walanguzi. Wachukuzi wa sokoni peke yao ndio waliojibu: "Mtu mwema!" Hao wenyewe hawaishi kusombwa kwenye misako bila kosa. Nilitamani nitoke niwatukane wengine wote.

Jana tumekusomea hitima. Shehe akauliza tena, jambo ambalo sijapata kuliona kwenye hitima. Safari hii mtaa mzima uliitikia, "Mtu mwema!" mpaka nikahisi bati linatetemeka. Mangi na Ukristo wake aliitikia kutoka mlangoni, na Kanti pembeni yake anafuta machozi. Mama alinishika mkono.

Ila wachukuzi sikuwasikia. Nikatoka na sinia la chai hadi kwa mkubwa wao, Mzee Pazi.

"Shikamoo, mzee. Mbona leo mmenyamaza?"

"Marahaba, mwanangu. Sisi tulishajibu."

Akachukua kikombe chake.

Baba, nilirudi na sinia nikijiuliza. Waliyapata wapi macho yale, watu wanaobeba mizigo ya wenzao kutwa, nasi tunawapita bila salamu? Hawakumngoja hakimu.

Pumzika, Baba. Siku jeneza la mfungwa mwingine litakapowekwa mtaani kwetu, na shehe akauliza, nakuahidi nitajibu hata kama niko ndani dirishani, na huko nje watanisikia.

Mwanao,
Mwanaidi