Mora na Godoro Letu

Jumatatu, 3 Februari 1936
Mkaguzi wa malisho anakuja wiki hii. Oktoba alitumbukiza mkono kwenye lundo la nyasi kavu, akasema litawafikisha Mei kondoo sitini. Sisi tunao sitini na mmoja. Mchinjeni Mora, alisema, mzee, hazai tena. Tukaitikia. Mora bado anatafuna! Kondoo viongozi kama yeye, wanaotangulia kundi na kunusa dhoruba kabla haijafika, wamebaki wachache Aislandi hii. Simchinji.

Jumanne, 4 Februari
Mora kawashusha wenzake ufukweni kula mwani, kawarudisha mwenyewe kabla maji hayajajaa. Nyasi za siku nzima zimebaki! Nimewapapasa migongo wote. Hakuna mfupa unaochoma mkono. Raha iliyoje.

Jumatano, 5 Februari
Nimepima lundo. Limepungua zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa. Nimefumua godoro letu — nyasi tupu, kavu, safi — nikampa Mora. Mume wangu Eyvindur kauliza alioa mke au kondoo. Nikamjibu mke unaye, godoro ndilo huna.

Alhamisi, 6 Februari
Mgongo wa Eyvindur unauma. Wa Mora mzima.

Ijumaa, 7 Februari
Mkaguzi kafika. Thorgils yuleyule wa Oktoba. Kahesabu mara mbili.
“Dada Steinvor, si nilisema sitini?”
“Huyo wa ziada anakula godoro langu.”
Kacheka hadi kofia ikaanguka. Lakini sheria ni sheria, kasema. Nikikuachia wewe, kesho bonde zima litanidai. Mora achinjwe Jumatatu. Nimelia jikoni, kisha nikampelekea kahawa. Kalala kwetu, kwenye mbao tupu za kitanda. Shauri yake.

Jumamosi, 8 Februari
Anga buluu, upepo hakuna. Thorgils katandika farasi avuke mlima. Nimefungua banda — Mora kanusa, kasimama mlangoni, hatoki. Nimemsukuma kwa goti. Wapi! Wengine wote nyuma yake kimya.
Eyvindur kamwambia Thorgils: huyu akikataa kutoka, mimi hata chooni siendi.
“Kondoo tasa anifundishe mimi hali ya hewa?” Akapanda farasi. Akamtazama Mora. Mora naye akamtazama.
Kaskazini, juu ya bahari, kumetokea utepe mweupe wa theluji. Mwembamba tu.
Thorgils ameshuka. Tandiko hajalitoa, ila kavua glavu moja, kauliza kama kahawa ipo. Naandika maji yakichemka. Dirishani namwona kainama mlangoni pa banda, anamlisha Mora samaki mkavu aliyefungiwa kwa ajili ya safari.