Mchanga Kwenye Ugali

Tabora,
16 Februari 1975

Kwa Baba Mdogo Kalisti,

Shikamoo. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa matanga ya baba kimepona, namshukuru Mungu. Nawaombea uzima huko Kibaoni, wewe, mama mdogo Natalia na wadogo zangu wote. Natumaini mpunga umepata maji ya kutosha.

Mama ameniandikia. Ni barua yake ya kwanza tangu aanze darasa la watu wazima. Ina mistari minne, na mitatu ni juu yako. Anasema unataka kumuuzia Mzee Maximilian, mwenye mashine ya kusaga, kiwanja cha baba cha pale Mpanda.

Baba mdogo, naomba usikiuze. Baba alipewa kiwanja kile alipokuwa kuli wa stesheni, akakifyeka mwenyewe, akapanda mpera pembeni. Siku moja alinichukua akachora chini kwa kijiti: hapa sebule, hapa jiko, hapa chumba cha Marsela, dirisha litazame mpera. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Sasa mama anaishi chumba cha kupanga, na likizo zikifika, wenzangu husema, "Naenda kwetu." Mimi husema naenda Mpanda.

Najua ukoo ulikuchagua wewe uwe msimamizi wa mali ya baba. Ndiyo maana nakuomba wewe. Tusaidie tujenge.

Mwanao,
Marsela


Kibaoni,
9 Machi 1975

Marsela,

Marahaba. Sisi wazima, mpunga mzima. Salamu zimekwisha, sasa sikiliza.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya pili nilikuwa namsomea Natalia, akacheka. Anauliza kama huko Tabora wanawafundisha kuwaamuru wazee kwa maneno ya adabu.

Kiwanja nitauza. Bartolomeo alikuwa kaka yangu kabla hajawa baba yako. Alituacha hapa na jembe la mkono akaenda kubeba magunia ya watu, nikalima shamba langu na la kwake, na njaa ikiingia mjini alikuja kuchukua mchele. Hapa kuna Msukuma amehamia na ng'ombe zake, jina lake Makoye. Ana maksai wawili waliozoea plau. Nikiuza kiwanja nitawachukua, na mgongo wangu utapumzika kabla sijaufuata wa Bartolomeo.

Nani atajenga hapo? Mama yako? Kwao Ikola wanajua kuanika dagaa, hawajui kupandisha ukuta. Tena yeye asitajwe kwangu. Siku ya kumaliza matanga aliulizwa mbele ya wazee: utarithiwa na shemeji yako, au unarudi kwenu? Akajibu hataki hata moja. Nani amewahi kusikia jibu la namna hiyo? Mimi nami sikumtaka, Natalia ni shahidi. Lakini mtu hukataliwa kwa heshima, hakataliwi kama mboga iliyochacha.

Kiwanja kina magugu na mbuzi wa Maximilian. Acha nikiuze tuendelee na maisha. Soma vitabu vyako.

Kalisti,
Msimamizi wa Mirathi


Tabora,
30 Machi 1975

Kwa Baba Mdogo Kalisti,

Shikamoo, na heri ya Pasaka kwenu nyote. Mimi sijambo. Mwambie mama mdogo Natalia nimefurahi kwamba barua yangu ilimchekesha.

Nimemuuliza mwalimu wetu wa Siasa, bila kutaja jina lako. Amesema ardhi ya nchi hii ni mali ya umma na hakuna mtu anayeweza kuuza udongo mtupu. Kinachouzwa ni jasho la mtu lililo juu ya udongo: nyumba, kisima, ukuta. Kiwanja cha baba kina magugu na mbuzi, kama ulivyoandika mwenyewe. Na mama ameambiwa na ofisi ya mji kwamba kisipojengwa mpaka mwaka huu uishe, kitapewa mtu mwingine. Hapo maksai hutawapata, na sisi nyumba hatutaipata.

Kwa hiyo naona, kwa heshima zote, kwamba njia iliyobaki ni kujenga.

Ni kweli mama hajui kupandisha ukuta. Wewe unajua. Baba alikuwa akisema Mpimbwe nzima hakuna anayepiga tofali kama Kalisti, na alikuwa akilisema hilo hata siku ambazo mmegombana.

Mwanao,
Marsela


Mpanda,
8 Juni 1975

Marsela,

Marahaba.

Nimemaliza kuvuna nikaja Mpanda kwa lori la mpunga. Nilikwenda ofisini na Maximilian tuandikishane. Karani akaniambia maneno yale yale ya mwalimu wako, kana kwamba nyie watatu mlikaa kikao. Akaniuliza, "Mzee, sasa unamuuzia hewa?" Watu wa kwenye foleni walicheka. Mpaka leo nikipita sokoni kuna mjinga mmoja wa viazi ananiita Mzee Hewa.

Vema. Umesema kinachouzwa ni jasho. Nitatoa jasho. Maximilian amesema hata vyumba viwili na jiko vinamtosha, atanunua. Nitajenga ili niuze. Mlitaka nijenge, najenga. Usije ukasema hukusikilizwa.

Nimekuja na Eustace, kaka yake Natalia. Tunaanza kupiga tofali kesho. Mama yako atuchotee maji, na atupikie hapo hapo kiwanjani. Siwezi kushinda nikienda kula chumbani kwake kama mgeni aliyekuja kuposa. Na asitupikie dagaa kila siku.

Kalisti,
Msimamizi wa Mirathi


Tabora,
3 Agosti 1975

Kwa Baba Mdogo Kalisti,

Shikamoo. Nimefika salama kutoka likizo. Viganja vyangu bado vina malengelenge, wenzangu wameniuliza kama kwetu tunalima kwa kucha. Nimewaambia kwetu tunajenga. Ni mara yangu ya kwanza kusema "kwetu" hapa shuleni.

Likizo yote tulikuwa kiwanja kimoja na hukunisemesha ila "maji", "udongo", na siku moja "panga vizuri". Siku hiyo nilipanga vizuri. Niliona ulirudi kutazama.

Kuta ni nzuri. Nasema kweli. Zimenyooka kuliko za mashine ya Mzee Maximilian. Lakini kuna swali nilishindwa kukuuliza mbele ya Eustace. Mama alichota maji ya kila tofali. Mimi nilikanyaga udongo. Wewe na Eustace mlipiga na kujenga. Kama kinachouzwa ni jasho, utakapouza utakuwa umeuza jasho la nani?

Natumaini chakula sasa kinalika, tangu mama alipohamishia mafiga yake chumba cha nyuma kama ulivyosema.

Mwanao,
Marsela


Mpanda,
24 Agosti 1975

Marsela,

Usiniamkie tena, sitaitikia.

Juzi Maximilian alikuja kuitazama nyumba, amevaa kofia yake ya kwendea kanisani, na shahidi nyuma. Chumba cha mbele akakisifu. Cha pili akakipima kwa hatua, akasema hapa nitaweka magunia. Akaingia cha nyuma. Akakuta mafiga matatu, chungu juu yake, moto unawaka, na mama yako anasonga kama mtu aliyezaliwa humo.

Akavua kofia kama aliyekuta msiba. Akaniambia, "Kalisti, nyumba hii ina mwenye moto. Mimi nanunua nyumba, sinunui ugomvi wa mjane." Akatoka. Shahidi wake akatoka. Magunia yake yatalala kwingine.

Nikamwambia mama yako, toa mafiga hayo. Hata hakuinua uso. Akasema, "Yatoe wewe, shemeji."

Wewe ni mtoto wa Kipimbwe hata kama unasoma Tabora. Unajua maana yake. Mwanaume akiinua figa la mjane wa kaka yake, amemrithi. Na Eustace amesimama mlangoni, mwiko wa kujengea mkononi, haangalii ukuta, anaangalia mkono wangu. Kabla jua halijazama habari ilikuwa imeshapanda lori kwenda kwa dada yake. Natalia amenitumia neno moja tu: "Gusa."

Mama yako ni mjanja kuliko wote waliowahi kutoka ziwani. Mwandikie ayatoe mwenyewe. Asipoyatoa naondoka, kuta nitaziacha bila paa, mvua izile mpaka zirudi kuwa udongo. Hapo kila mtu atakuwa na hewa yake.

Kalisti,
Msimamizi wa Mirathi


Tabora,
14 Septemba 1975

Kwa Baba Mdogo Kalisti,

Shikamoo. Naiandika hata kama huiitikii, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

Sitamwandikia mama atoe mafiga. Nimefikiri wiki nzima jinsi ya kukataa vizuri na sikupata, kwa hiyo nimekataa hivyo hivyo.

Nilikuwepo siku ile. Upepo ulikuwa unavuma, mkala nje. Ulitema tonge, ukasema, "Verdiana, huu ni ugali au uwanja wa mpira? Mchanga mtupu. Hamishia moto huko ndani kabla sijavunjika jino." Mama akauliza, "Ndani ya nyumba, shemeji?" Ukasema, "Ndani. Masikio ni ya nini?" Akauliza tena, "Ni wewe unayesema?" Ukasema, "Ni mimi, na njaa yangu." Eustace alisikia. Alicheka, kisha akaacha kucheka, nami sikuelewa kwa nini. Sasa naelewa: kwenu mjane akiambiwa ahamishie moto ndani ya nyumba, amepewa nyumba.

Mama hakukudanganya, alikuuliza mara mbili. Ni mtu wa Ikola, lakini amekaa na nyie muda wa kutosha kuzijua mila zenu. Inaonekana siku ile alizijua kuliko wewe.

Sikusudii kukosa adabu. Nikiongeza adabu zaidi ya hii nitakuwa nasema uongo. Ulitaka kuuza hewa ukashindwa, sasa unataka kumhamisha mtu mahali ulipomwambia mwenyewe akae. Ukiziacha kuta zilowe utakuwa umemtupa kaka yako mara ya pili. Siku ile alipoondoka Kibaoni, hukumsindikiza.

Marsela


Tabora,
26 Oktoba 1975

Kwa Baba Mdogo Kalisti,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi si mgonjwa, ila silali vizuri.

Barua yangu hukuijibu. Mama ameandika kwamba ulirudi Kibaoni bila kuaga. Ameacha chumba cha kupanga, analala chumba cha nyuma chini ya turubai, na juu ya kuta amefunika mikeka na mawe. Anasema mawingu yameanza kukusanyika upande wa ziwa. Hakuniambia nikuambie. Nakujulisha tu.

Yale ya mwisho juu ya kumsindikiza baba nisingeyaandika kama ningengoja kesho yake. Sikuwa nimezaliwa, sijui siku ile ilikuwaje.

Jambo lingine. Nimekuwa nikifikiri habari za maksai. Uliandika kwamba ulilima shamba lako na la baba, na mimi nikaruka mstari huo kana kwamba haukuandikwa. Mchele tuliokula mjini ulitoka mgongoni kwako. Nikimaliza shule nikapata kazi, nitakusaidia upate maksai. Si bei ya nyumba. Hata kama kuta zitaanguka, hilo nitalifanya.

Mwanao,
Marsela


Mpanda,
30 Novemba 1975

Marsela,

Marahaba zote ulizonidai, chukua.

Mvua imeshafika Kibaoni na mimi nilipaswa kuwa shambani. Siko shambani. Kila radi ilipopiga Natalia aliniuliza, "Hizo kuta zinazolowa zilipigwa na nani?" Mwisho akaniwekea panga na kamba mlangoni. Akasema nikaezeke, au abaki mtu mwingine na watoto, aende kuezeka yeye. Kumbe alikuwa haogopi kuta. Alikuwa anaogopa mkono wangu tu.

Nyumba ina paa. Ni la nyasi, Eustace amefunga kamba. Usifikiri ni kwa sababu ya barua zako. Tofali langu haliwezi kuyeyuka mjini, watu wa viazi wakitazama. Wangeniita Mzee Tope.

Karani alikuja kukagua. Yule yule wa hewa. Akauliza aandike nyumba ya nani. Eustace akatazama dari ambayo haipo. Mama yako akasonga ugali. Nikasema andika Verdiana, mjane wa Bartolomeo, na uandike vizuri maana sasa anajua kusoma.

Mlango mama yako alitaka utazame barabara. Nimekataa. Unatazama mashine ya Maximilian, ili kila asubuhi amwone mwenye moto. Na mimi lazima nishinde kitu.

Makoye ameshawauza wale maksai kwa mtu mwingine. Mwaka huu ni jembe la mkono tena. Ahadi yako nimeisikia, sitaikumbusha, na wewe usiirudie. Maliza shule.

Bartolomeo nilimsindikiza mpaka kwenye lori. Hakugeuka. Hilo hukuambiwa.

Chumba chako kina dirisha. Nimelitoboa upande wa mpera, kabla mama yako hajaniambia. Kaka yangu alikuwa akichora nyumba hiyo hiyo chini tangu tukichunga mbuzi.

Ukija likizo usinishukuru, nitaondoka. Siku ya kuezeka tulikula humo ndani. Ugali haukuwa na mchanga. Mboga ilikuwa dagaa.

Baba yako,
Kalisti